Kusoma Mita na Kusoma Ukuta: Namna ya Kufuatilia Nishati Katika Nyumba ya Kale Iliyokarabatiwa

Pwani ya Mtwara na Lindi ina majengo ya mawe na chokaa yaliyokuwepo kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijachimbiwa. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Likaja kukarabatiwa na kugeuzwa hoteli. Kilwa Kivinje zipo nyumba za wafanyabiashara wa zamani, nyingine zimeanguka paa, nyingine wenyewe wameanza kuzifufua. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani utakuta Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililokaa juu ya mwamba likiitazama bahari, na upepo wa bahari ndio uliolipooza.

Anayekarabati nyumba ya namna hii leo huwa na hesabu nzuri ya mifuko ya chokaa na boriti. Kazi ikiisha anaweka viyoyozi, hita ya maji, friza na pampu. Miezi sita baadaye anashangaa: nyumba ambayo babu zake waliishi bila hata feni inameza tokeni kila wiki. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua sola, au kubadilisha viyoyozi, bila kujua umeme unaishia wapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, msimamizi wa hoteli ndogo, au ofisi iliyohamia kwenye jengo la kale. Katika nyumba ya mawe ya pwani, mita ya umeme ikisomwa peke yake inadanganya. Lazima isomwe pamoja na ukuta. Jengo linaweza kupunguza umeme huku linaoza taratibu, na linaweza kuongeza umeme kwa sababu fundi aliziba kitu kilichokuwa kinaliwezesha kupumua. Na mwezi wa kwanza huhitaji kununua kifaa kikubwa. Daftari na kalamu vinatosha.

Hatua ya 1: Lichore jengo lako

Mwaka 2017 nchi za Ulaya zilitoa mwongozo wao wa nishati kwa majengo ya kihistoria, EN 16883. Wenzetu hangaiko lao kubwa ni kupasha nyumba joto, letu ni kuipoza, lakini jambo moja tunakubaliana nao: unaanza kwa kulichunguza jengo, vifaa vinafuata.

Chukua karatasi, chora ramani ya kila sakafu. Huhitaji kuwa mchoraji. Andika unene wa kila ukuta. Pima penye dirisha au mlango. Kuta nyingi za mawe ya matumbawe zina karibu nusu mita, na unene huo ni mali. Joto la jua la mchana linachukua saa nyingi kupenya hadi ndani, kwa hiyo chumba kinabaki na ubaridi wa usiku mpaka alasiri. Andika pia lipu ni ya nini: chokaa au saruji. Gonga kwa kidole ukisikiliza penye uwazi nyuma. Andika paa ni la nini, na kama kuna dari chini yake. Tia alama madirisha yanayopokea upepo wa kusi na yale yanayopokea upepo wa kaskazi, kwa sababu dirisha lenye faida Julai huenda lisiwe na faida Januari.

Kisha nenda kwenye boksi la breka. Zima breka moja moja, tembea nyumba nzima uone nini kimezimika, kisha bandika jina: "taa za juu", "soketi za jikoni", "AC chumba 3". Nyumba zilizokarabatiwa kwa awamu huwa na maajabu hapa. Utakuta pampu ya kisima imeungwa kwenye njia ya taa za baraza kwa sababu fundi wa awamu ya pili aliona huo ndio waya ulio karibu. Usiporekebisha jambo hilo kwenye karatasi, vipimo vyote vya mbele vitakuwa na walakini.

Neno moja la kisheria kabla hujatoboa popote. Majengo ya urithi yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kama jengo lako limetangazwa kuwa la urithi, au unadhani lina umri wa kutangazwa, uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupitisha waya ukutani au kuweka paneli juu ya paa. Hata kama halijatangazwa, usipigilie misumari kwenye lipu ya chokaa ya zamani. Inabomoka vipande, na vipande hivyo havirudi.

Hatua ya 2: Hesabu uniti, achana na shilingi

Watu wengi wakiulizwa wanatumia umeme kiasi gani hujibu kwa fedha: "Elfu hamsini kwa wiki." Jibu hilo halina msaada. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hivyo fedha ileile inaweza kukupa uniti tofauti wiki hii na wiki ijayo. Ukiwa kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake kimekuwa uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti hubadilika pia ukivuka kikomo. Juu ya hapo kuna kodi na tozo. Shilingi ni za mhasibu. Kwa kazi hii tunataka uniti.

Mita nyingi za LUKU huonyesha salio. Baadhi huonyesha pia jumla ya uniti zilizotumika tangu mita ifungwe, kwa kubonyeza namba fupi ambayo hutofautiana kwa aina ya mita. Ukiipata jumla hiyo, umerahisishiwa kazi: soma leo, soma kesho, toa. Usipoipata, tumia hesabu hii:

Uniti zilizotumika = salio la mara ya mwisho + uniti zilizonunuliwa − salio la sasa.

Kwa hiyo kila tokeni inayoingizwa iandikwe, na aliyeingiza aandike saa. Hapa ndipo daftari nyingi hufa. Mlinzi ameingiza tokeni usiku kutoka kwenye simu ya bosi, asubuhi hakuna aliyeandika, na hesabu ya wiki nzima imepinda. Funga daftari kwa kamba kando ya mita, au kando ya kile kibonyezeo cha ndani kama mita yenyewe iko juu ya nguzo.

Saa nazo zina mtego. Mlinzi akiandika "saa 2" anamaanisha saa mbili, ya asubuhi au ya usiku. Kifaa cha kidijitali kikiandika 2:00 kinamaanisha saa nane usiku. Kubalianeni mtindo mmoja na uandikwe kwenye jalada la daftari. Mimi napendelea saa zetu za Kiswahili zikifuatwa na neno asubuhi, mchana au usiku, kwa kuwa anayeandika mara nyingi ndiye anayekesha pale, na hana sababu ya kutafsiri saa yake kichwani kwa ajili ya mtu wa ofisini.

Andika pia umeme ulipokatika na uliporudi. Bila hivyo utajisifu kwa kubana matumizi wiki ambayo umeme haukuwepo siku mbili.

Mwisho wa hatua hii fanya jaribio dogo. Zima meni swichi, kisha itazame taa ndogo inayopepesa kwenye mita. Inapaswa kutulia. Ikiendelea kupepesa, kuna kinachokula umeme kabla ya meni swichi yako: waya uliochubuka au mtu aliyejiunganishia. Hilo ni la kuwaita TANESCO. Usiguse lakiri ya mita, hata kama una fundi anayesema anaweza.

Hatua ya 3: Tafuta mzigo wa usiku

Kama ningeruhusiwa kufundisha hatua moja tu, ningechagua hii.

Kila jengo lina umeme unaotumika saa zote, wageni wawepo wasiwepo: friji, friza, ruta ya intaneti, taa za ulinzi, chaja zilizosahaulika, pampu inayojiwasha kila bomba linapovuja. Umeme huo hauonekani kwa sababu hakuna anayeuwasha.

Amka saa kumi alfajiri, siku ambayo hakuna mgeni au vyumba vyenye wageni vimezimwa viyoyozi. Nenda kwenye mita na simu yenye saa ya kupimia sekunde. Juu ya mita kumeandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Mara nyingi ni 1000 au 1600. Maana yake ni mipepeso mingapi inatimiza uniti moja. Hesabu muda wa mipepeso 10, gawa kwa 10 upate sekunde za mpepeso mmoja.

Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Kwa mita ya 1600, gawa 2,250. Basi, taa ikipepesa kila baada ya sekunde 14.4 kwenye mita ya 1000, nyumba inakula wati 250 wakati kila mtu amelala. Wati 250 saa 24 kwa siku 30 ni uniti 180 kwa mwezi.

Friji nayo huwaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo rudia kipimo mara tatu au nne ndani ya saa moja uchukue wastani. Kisha anza kuzima breka moja moja ukiangalia mpepeso unavyopungua kasi. Ndani ya nusu saa utamjua mwizi. Katika nyumba za wageni za pwani mara nyingi ni friza la zamani lenye mpira wa mlango uliochoka, limewekwa kwenye stoo isiyopitisha hewa. Friza hilo linalipasha joto stoo, halafu linapambana na joto lake lenyewe.

Hatua ya 4: Gawa kwa kitu chenye maana

Uniti za mwezi peke yake hazilinganishiki. Mikindani na Lindi zina joto na unyevu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na mvua zikiwa zimeshaanza. Halafu kusi huja na miezi mikavu yenye baridi kidogo katikati ya mwaka. Linganisha Januari na Januari, Julai na Julai. Anayelinganisha Januari na Julai halafu akasema ukarabati umeleta faida, anausifia upepo.

Kisha kuna watu. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, wanunuzi, madereva na watu wa minada hujaza vyumba. Umeme unapanda, na jengo halina kosa lolote. Kwa nyumba ya wageni kipimo kizuri ni uniti kwa kila chumba kilicholaliwa usiku mmoja. Kwa ofisi, uniti kwa siku ya kazi. Kwa nyumba ya familia, uniti kwa mtu zinatosha. Wataalamu hupenda pia uniti kwa mita ya mraba kwa mwaka. Hiyo iweke kwa ajili ya kulinganisha jengo lako na jengo jingine, siyo kwa uamuzi wa kila siku.

Tuseme nyumba yenye vyumba sita ilitumia uniti 900 Januari, vyumba vikilaliwa mara 120. Julai ilitumia 420, vyumba vikilaliwa mara 40. Kwa haraka Julai inaonekana nzuri. Lakini gawa: Januari ni 7.5 kwa chumba kilicholaliwa, Julai ni 10.5. Julai kila mgeni amebebeshwa mzigo wa usiku tuliouona hatua ya 3, kwa sababu friza na taa hazikujua kama vyumba ni vitupu.

Unaweza kuukadiria mzigo huo kwa miezi hiyohiyo miwili. Tofauti ya uniti ni 480, tofauti ya malazi ni 80, sawa na uniti 6 kwa kila chumba kilicholaliwa. Malazi 40 ya Julai yanachukua 240, zinabaki 180 ambazo hazina mgeni. Ndizo zilezile wati 250. Katika maisha hesabu hazitakubaliana vizuri hivi, maana Januari kila mgeni anawasha kiyoyozi zaidi, na makisio ya miezi miwili huwa yanaupunja mzigo wa kudumu. Zikitofautiana, amini mpepeso wa mita wa alfajiri.

Hatua ya 5: Soma ukuta

Sasa ndipo unaponunua kitu: vipimajoto vya kidijitali vinavyoonyesha na unyevu wa hewa. Vitatu vinatosha kuanzia. Kimoja chumba cha chini, kimoja chumba cha juu chini ya paa, kimoja nje kwenye baraza penye kivuli. Viwe kimo cha kifua, mbali na friji, mbali na pumzi ya kiyoyozi, visipigwe na jua. Kabla ya kuvitawanya viweke vyote mezani pamoja usiku mmoja. Asubuhi kama kimoja kinasoma nyuzi 27 na kingine 28.5, andika tofauti hiyo nyuma ya kila kimoja. Vifaa vya bei nafuu hutofautiana, na hilo si tatizo ukishajua.

Soma mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana. Unachotafuta ni pengo. Nyumba ya mawe iliyo salama, saa nane mchana chumba cha chini kinapaswa kuwa na ubaridi kuliko baraza. Kikiwa sawa na baraza au kikizidi, uliza: madirisha yanafunguliwa mchana na kufungwa usiku? Wafanyakazi wengi hufanya hivyo kwa nia njema ya kuingiza hewa mchana na kuzuia mbu usiku. Kwa ukuta mnene ni kinyume. Usiku ndio wakati wa kuupoza ukuta, kwa hiyo weka wavu mzuri madirishani ili yaweze kukaa wazi, na mchana wa kaskazi yafungwe vibao upande wa jua. Mabadiliko haya hayagharimu uniti hata moja. Zungumza na wahusika vizuri: "Dada, tujaribu wiki hii tufungue saa moja usiku, tufunge saa tatu asubuhi, halafu tuangalie kipimo pamoja." Akiona namba mwenyewe hutahitaji kumkumbusha.

Chumba cha juu kina hadithi nyingine. Paa la asili la nyumba nyingi hizi lilikuwa la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, au makuti. Mengi sasa ni mabati. Siku ya jua ingiza kipimajoto kati ya bati na dari: joto linaweza kupita nyuzi 50. Kiyoyozi kilicho chini yake kinapambana na sahani ya moto. Ukishaona namba hiyo utaelewa kwa nini fedha ya kwanza ya kuokoa umeme iende darini, kwenye matundu ya hewa na tabaka la kuzuia joto, kabla ya kufikiria kiyoyozi kipya.

Kisha unyevu. Watu wa makumbusho ya Ulaya wanapigania asilimia 50. Sisi tusijidanganye, mwambao wetu hewa ya nje yenyewe mara nyingi iko juu ya 75, na kuikausha hadi 50 ni kuchoma umeme. Tunachokwepa ni maji kutulia juu ya ukuta na ukungu kuota. Hewa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au chini. Mgeni akiweka kiyoyozi nyuzi 18 usiku kucha, ukuta na fanicha vinapoa. Asubuhi mtu wa usafi anafungua dirisha, hewa ya bahari inaingia, na ukuta unatoka jasho. Fanya hivyo msimu mzima, na rangi inaanza kuvimba nyuma ya kabati. Kiyoyozi kiwekwe 26, pangaboi lizunguke. Pangaboi linakula kama wati 70: saa 10 ni uniti 0.7. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula karibu wati 1,100 kompresa ikiwa inafanya kazi.

Mara moja kwa mwezi zunguka nyumba yote na tochi, uimulike ukuta kwa ubavu. Tafuta unga mweupe wa chumvi, lipu iliyovimba, harufu ya ukungu, vumbi la mbao chini ya boriti. Kifaa cha kupimia unyevu wa mbao ukikipata ni kizuri. Boriti ikivuka asilimia 20 iko kwenye hatari ya kuoza, na mchwa hupenda hapo. Andika na piga picha kutoka sehemu ileile kila mwezi.

Hili lina uhusiano gani na umeme? Mkubwa. Ukuta uliolowa unapitisha joto kuliko ukuta mkavu. Lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe inazuia maji yaliyopanda kutoka ardhini yasitoke nje, yanabaki ndani na chumvi yake. Chumba kinakuwa kizito, mgeni anahisi joto hata kwenye nyuzi 27, anashusha kiyoyozi. Kwenye daftari utaona umeme wa chumba kimoja umepanda bila sababu. Sababu iko ukutani, na dawa yake ni fundi wa chokaa, siyo fundi wa AC.

Hatua ya 6: Vifaa vya kudumu, kama vinahitajika

Ukishakuwa na miezi mitatu ya daftari utajua ni wapi hasa unataka macho ya saa 24. Nunua kwa swali hilo tu. Kifaa cha klempu kinachoshika waya ndani ya boksi la breka ndicho kinachofaa jengo la kale, kwani hakitoboi ukuta wala kukata waya. Kifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa friji au jokofu la vinywaji, plagi ya kupimia inayokaa kati ya soketi na kifaa inatosha. Ipe siku tatu, kisha ihamishe.

Usidanganywe na matangazo ya vifaa vinavyotuma kila kitu kwa WiFi. Ukuta wa nusu mita wa matumbawe unaimeza WiFi. Ruta ya sebuleni haifiki chumba cha pili. Tafuta vifaa vyenye kumbukumbu ndani yake, ambavyo utavipakua kwa simu ukisimama karibu. Hewa ya chumvi nayo ina lake. Viunganishi vya shaba huota kutu ya kijani, na mijusi hupenda kulala ndani ya maboksi yenye joto. Ziba matundu, futa vumbi, kagua kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 7: Nishati isiyopita kwenye mita

Gunia la mkaa, mtungi wa gesi na dumu la dizeli ni nishati. Mtu aliyehamisha jiko kutoka gesi kwenda umeme ataona LUKU imepanda, ilhali jumla huenda imeshuka. Kwa makadirio, kilo ya gesi ya kupikia ina nishati sawa na uniti 13 hivi, kilo ya mkaa kama uniti 8, lita ya dizeli kama uniti 10. Lakini jenereta dogo kutoka lita hiyo hukupa umeme wa uniti 3 tu au pungufu. Nyingine inapotea kwa joto na kelele. Andika lita kila unapojaza.

Mwenye sola asome namba tatu: paneli zimezalisha nini, nyumba imetumia nini, LUKU imetoa nini. Kilowati moja ya paneli pwani hii huzalisha kama uniti 4 siku ya jua zuri. Nimesikia watu wakisema sola "imepunguza matumizi" kwa sababu LUKU imeshuka, huku nyumba yenyewe inakula zaidi kuliko zamani, viyoyozi vimeachwa vinawaka kwa kuwa "jua ni la bure". Betri zikichoka mwaka wa tano, ukweli unarudi kwa kishindo. Kuna na wale wanaosema gesi inachimbwa hapahapa Mnazi Bay, tubane umeme wa nini. Gesi iko jirani, ni kweli. Uniti ya Mikindani bado inanunuliwa.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja, subiri

Sasa una picha. Chagua badiliko moja: dari, au mpira wa friza, au ratiba ya madirisha. Lifanye, andika tarehe kwa wino mwekundu, usiguse kingine kwa wiki nne kama msimu hauko kwenye kugeuka. Ukibadilisha dari na viyoyozi na taa wiki moja, utajua jumla imeshuka lakini hutajua ni nani wa kushukuru, na mwaka ujao utarudia kutumia fedha mahali pasipostahili.

Baada ya kila badiliko soma vipimo viwili pamoja, uniti na unyevu. Umeme umeshuka na ukuta mkavu: endelea. Umeme umeshuka na unyevu umepanda: umeziba hewa mahali, rudi ukaangalie ulichofunga. Umeme umepanda na ukuta unakauka: inaweza kuwa ni ukuta wa zamani unaotoa maji yake baada ya saruji kubanduliwa, jambo linaloweza kuchukua msimu mzima au zaidi, usikate tamaa mapema. Vyote vimepanda: simamisha, muite fundi anayejua chokaa.

Hatua ya 9: Karatasi ya mwaka

Kila mwisho wa Desemba toa ukurasa mmoja. Uwe na uniti za kila mwezi, vyumba vilivyolaliwa, mzigo wa usiku uliopimwa angalau mara nne, wastani wa joto na unyevu wa saa nane mchana kwa chumba cha chini na cha juu, lita na kilo za nishati nyingine, na mabadiliko yaliyofanyika na tarehe zake. Ambatisha picha za ukuta. Ukitaka kujua kama mwaka ulikuwa wa joto kuliko kawaida, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina takwimu za Mtwara.

Tengeneza nakala tatu: moja ikae kwenye jengo, moja kwa mwenye nyumba, moja apewe fundi kabla hajagusa chochote. Fundi akija na mpango wa kupiga lipu ya saruji nyumba nzima "ili iwe imara", mfungulie ukurasa wa chumba chenye chumvi, mwoneshe tarehe na namba, ndipo mzungumze bei.